Kaka asema wati 3.5 zatosha; je, spika zangu zitakubali?

BARUA

Ami, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu, naishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe tuliyoachiwa na marehemu baba. Pamoja na nyumba alituachia sahani zake za santuri: taarabu kwa wingi, hasa zile za udi na sauti ya mtu mmoja, na chache za Kimisri zenye okestra kubwa. Mashine ya kuzichezea ipo na imeshafanyiwa ukarabati. Spika ninazo pia, jozi ndogo za kuweka juu ya stendi, kila moja ina wufa ya inchi 6 kwa besi na twita kwa sauti nyembamba. Nyuma zimeandikwa 86 dB na omu 6. Nazipenda. Kilichokufa ni amplifaya, ile ya transista, na fundi ameniambia nisipoteze pesa kuitengeneza.

Kaka yangu anayefanya kazi Dubai ni mpenzi mkubwa wa amplifaya za vali, zile zenye chupa za kioo zinazowaka. Amepata moja iliyotumika, iliyotengenezwa kwa soko la Japani, yenye vali za 2A3, na anataka kuniletea akija likizo. Inatoa wati 3.5 kila upande. Nilipomuuliza kama zitatosha alicheka, akasema nyumbani kwake hata wati moja haimalizi. Nilikwenda kumtembelea mwaka jana nikasikiliza, na kweli, sijapata kusikia sauti ya mwimbaji ikiwa karibu nami namna ile. Mume wangu naye anasema wati tatu ni za redio ya jikoni, tununue kitu cha wati 100 tumalize mambo. Na katika duka moja la Mombasa nimeona mbili za vali: moja ina EL84 nne, wati 12 kila upande, nyingine ina EL34 nne, wati 35. Hiyo ya wati 35 bei yake ni karibu mara mbili ya mwenzake.

Tunasikilizia msana, chumba ambacho ni chembamba na kirefu. Mimi nakaa kama mita 2 na nusu kutoka kwenye spika. Hatupigi kwa kelele, maana majirani tuko nao ukuta kwa ukuta na msikiti uko karibu. Ila siku ya wageni ningependa sauti ifike hadi kiwandani, yaani ua wa ndani. Namchelea kaka, zawadi ya ndugu haikataliwi hivi hivi. Nifanye nini?

Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Nitangulize jibu, kisha nikueleze lilikotoka ili uweze kuzungumza na kaka yako kwa ustaarabu. Kwa spika hizo, katika msana huo, chukua ile ya EL84 yenye wati 12. Ya kaka huenda ndiyo nzuri kuliko zote tatu, lakini haikutengenezwa kwa spika za aina yako. Ile ya wati 35 itafanya kazi bila shida, ila utalipa karibu maradufu kwa nguvu ambazo chumba chako hakitaziomba.

Kaka yako hakukudanganya. Ulichosikia kwake ni kweli tupu. Lakini katika barua yako hukunitajia spika zake, nami nahisi hata yeye hakuona haja ya kukutajia. Mtu anayeridhika na wati moja karibu kila mara ana spika kubwa za honi, zenye mdomo mpana kama baragumu, au zile za koni moja pana ya karatasi nyepesi ndani ya kabati kubwa. Muulize zimeandikwa dB ngapi. Hapo ndipo penye jibu lote.

Ile 86 dB iliyo nyuma ya spika yako maana yake ni hii: ukiipa wati moja na kukaa mita moja mbele yake, utapata desibeli 86. Spika ya honi hutoa 96, 100, hata zaidi, kwa wati ileile moja. Sasa tuseme za kaka ni 96. Amekuzidi kwa desibeli 10, na desibeli 10 ni sawa na kuzidisha wati mara 10. Kwa hiyo sauti anayoipata yeye kwa wati 3.5, wewe kwa spika zako utaipata kwa wati 35. Amplifaya ni ileile na sahani ni ileile, ila spika zake ni nyepesi kuendesha na zako ni nzito.

Wala usidhani spika zako ni mbovu. Kabati dogo haliwezi kukupa besi ya chini na wepesi kwa pamoja. Mtengenezaji lazima aachie kimoja, na wako ameachia wepesi ili besi ishuke. Zamani, vali zilipokuwa hazina mshindani, wati zilikuwa ghali sana, na akili yote ilielekezwa kwenye spika. Paul Klipsch wa Marekani alitengeneza Klipschorn, spika kubwa ya kukaa kwenye kona ya chumba, katika miaka ya 1940, na inapiga kwa nguvu kwa wati chache mno. Transista ilipokuja wati zikawa rahisi, ndipo spika zikaanza kupungua ukubwa na kuwa nzito kuendesha. Na mwambie mume wako, kwa heshima zake, kwamba redio za vali walizokuwa nazo wazee wetu sebuleni zilikuwa na wati tatu au nne, na watu walikaa barazani wakasikiliza taarifa ya habari bila kuinamisha sikio.

Tuje kwenye kiti chako. Umbali wa mita 2 na nusu unakula desibeli kadhaa. Kuta za mawe na ile spika ya pili zinarudisha baadhi. Chukua kwamba pale unapokaa wati moja inakupa kama 84. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kwa hiyo wati 3.5 zitakufikisha kwenye 89 hivi, wati 12 kwenye 95, na wati 35 kwenye 99 au 100. Mtu anayesikiliza kwa utulivu nyumbani huwa kwenye 70 hadi 75. Utasema basi zote zinatosha. Hapana, kwa sababu hiyo ni wastani, na muziki hauishi kwenye wastani. Pale mpigaji anapoligonga udi, ule mwanzo wa noti huruka desibeli 15 juu ya wastani kwa muda mfupi sana, na ngoma huruka zaidi. Ukisikiliza kwenye 75, udi unataka 90. Amplifaya ya kaka imekwisha kwenye 89. Okestra ya Kimisri ikiinuka kwa 20 inataka 95, na hapo ile ya wati 12 ndiyo inafika.

Kwa hiyo ya kaka isingekuwa kimya kwako. Usiku, kwa sauti ya chini, udi na mwimbaji mmoja, ungeifurahia kabisa. Ila ungekuwa ukingoni kila mara, na mkono wako ungejifunza kuogopa kitufe cha sauti. Sipendi mtu asikilize muziki wa baba yake kwa namna hiyo, tena Lamu, mji uliomtoa mwimbaji wa taarabu Zein l'Abdin na udi wake.

Utaambiwa kwamba wati za vali ni kubwa kuliko za transista. Wati ni wati. Tofauti iko kwenye namna zinavyoishiwa nguvu. Transista ikifika mwisho hukata wimbi ghafla na sikio linaumia. Vali, hasa ile ya vali moja kila upande kama 2A3, hulibonyeza wimbi polepole, sauti inanenepa kidogo kabla ya kuharibika. Ndiyo maana unaweza kuipeleka mbali zaidi bila kukasirika. Lakini kunenepa huko si muziki uliorekodiwa, na mwimbaji akipanda juu kabisa utasikia maneno yanaanza kushikana.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa wati chache husahau kulisema, nalo katika nyumba ya mawe ni kubwa. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme, na hizo 6 za spika yako ni makadirio. Kiuhalisia spika ya wufa na twita hupanda na kushuka kufuatana na noti: mahali pengine inashuka hadi 4, na kwenye besi inaweza kupanda hadi 20 na zaidi. Amplifaya za 2A3 nyingi hutengenezwa bila kile kijia cha kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili amplifaya ijirekebishe, kwa hiyo hazina mkono mzito juu ya spika. Spika ikipanda omu, sauti nayo inapanda pale. Matokeo yake ni besi inayovimba. Sasa fikiria msana wako. Upana wa vyumba vyetu vya zamani ulipangwa na urefu wa boriti ya mkoko, hauzidi mita 3 hivi, kuta ni nene za matumbawe na chokaa, sakafu ngumu. Chumba kama hicho tayari kinavimbisha besi chenyewe. EL84 mbili kila upande, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zikiwa na kurudisha kwa kiasi, zitaishika wufa vizuri zaidi. Ongeza zulia zito na mikeka, tundika mapazia mapana, na vizidaka vyako, vile vishubaka vya ukutani, usivisafishe vikabaki vitupu: vitu vilivyomo ndani vinavunja mwangwi, na hiyo ni faida ya bure waliyotuachia waashi.

Nyuma ya amplifaya ya vali utakuta mahali pa kufunga waya wa spika pameandikwa 4 na 8, wakati mwingine na 16. Wewe anza na 4. Kisha jaribu 8 kwa siku kadhaa, uache inayokupendeza, hakuna kitakachoharibika. Kinachoharibu ni kuiwasha bila spika yoyote kufungwa. Transforma ya kutolea sauti inaweza kuungua ndani kwa ndani, na hiyo ndiyo sehemu ya gharama kuliko zote. Kabla ya kununua, inyanyue. Transforma nzuri ina chuma kingi na chuma kina uzito. Amplifaya inayodai wati 12 kila upande ikawa inanyanyuka kwa mkono mmoja kirahisi, mimi ningeiacha dukani.

Hesabu zangu hapo juu zimejengwa juu ya makadirio ya chumba nisichokiona. Unaweza kupima mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi, na ningeomba sana ufanye hivyo. Azima amplifaya yoyote nzima, ifunge kwenye spika zako, na upige muziki kutoka kwenye simu mpaka ufike kwenye sauti kubwa kabisa ambayo ungeivumilia hapo unapokaa. Ukifika, usiguse tena kitufe, cha simu wala cha amplifaya. Sasa cheza mlio wa majaribio wa hezi 100, uliorekodiwa chini ya kilele kwa desibeli 12; programu za bure za simu zinatengeneza mlio huo. Mwite fundi na mita yake ya kupimia umeme, aiweke kwenye volti za AC, aguse zile ncha mbili za spika moja. Namba atakayoisoma izidishe kwa 4, kwa sababu desibeli 12 za volti ni mara 4. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha ugawe kwa 6, ambazo ni omu zako.

Mita ikisoma volti 1, unapata 4, mara 4 ni 16, gawa kwa 6: wati zisizofika 3. Hapo kaka ameshinda, nami nitanyamaza. Ikisoma volti 2, unapata 8, mara 8 ni 64, gawa kwa 6: karibu wati 11, na EL84 ndiyo yako. Ikifika volti 3 unahitaji wati 24, basi nenda kwenye EL34 na uwaombe radhi majirani. Dau langu ni kwamba utaangukia kati ya volti 1 na nusu na 2. Mlio usiuache ukalia muda mrefu. Sekunde chache zinatosha mita kutulia.

Suala la kiwandani nitalipitia haraka. Hakuna amplifaya kati ya hizi tatu itakayojaza kiwanda kilicho wazi juu kwa spika za inchi 6. Sauti inapanda angani haina ukuta wa kuirudisha. Siku ya wageni wengi kodi spika za shughuli, hizi zako ziache ndani.

Umeme wetu ndio unaonitia wasiwasi zaidi ya wati. Amplifaya ya soko la Japani ni ya volti 100, na ya kwetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja utaiua papo hapo. Itahitaji transforma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi mahitaji yake kwa nafasi ya kutosha. Hata ile ya Mombasa, soma kibandiko: kikisema 220, 230 au 240 kwa hezi 50, ni sawa; kikisema 120 kwa hezi 60, iliuzwa kwa ajili ya Marekani, na transforma yake inaweza kuchemka kwetu hata ukishusha volti. Weka stebilaiza. Umeme ukipotea, zima swichi, usisubiri urudi ukiwa umeiacha wazi, kwa sababu mara nyingi unarudi kwa kishindo. Na kama nyumba ina inveta ya sola, fahamu kwamba vali hula umeme mwingi kuliko sauti zinayotoa: wati 12 kila upande zinaweza kuvuta wati 100 na zaidi kutoka ukutani muda wote, hata muziki ukiwa umenyamaza.

Hewa ya chumvi nayo haimwachi mtu. Usiiweke karibu na dirisha linalotazama bahari. Miguu ya vali na soketi zake hushika kutu, sauti ikaanza kukwaruza. Mara kwa mara, ikiwa imezimwa na kupoa kabisa, chomoa kila vali, futa miguu kwa kitambaa kikavu, irudishe. Kuiwasha mara kwa mara pia kunasaidia, joto lake hukausha unyevu. Usimruhusu mtu asiye fundi kufungua sehemu ya chini: ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita hushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Nunua yenye kizimba juu ya vali. Paka wa Lamu hapiti penye joto bila kulala, na hicho kioo kinaunguza.

Ikisafirishwa kutoka Mombasa, vali zichomolewe na zifungwe peke yake, kila moja ikiwa imeandikwa soketi yake. Basi hadi Mokowe, boti, kisha mkokoteni kwenye vichochoro: vali hazipaswi kupita huko zikiwa zimesimama kwenye amplifaya.

Sasa kaka. Mpigie, umsifu kwa alichokusikilizisha, umuulize dB za spika zake, kisha umtajie za kwako. Mtu anayependa vali ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Halafu muombe zawadi nyingine, kwa sababu kuna kitu utakihitaji na hukukitaja. Sindano ya santuri hutoa umeme wa milivolti chache tu, na amplifaya nyingi za aina hii hutarajia kitu kama volti 2, kama zile za mashine ya CD. Katikati lazima kiwepo kikuza-sauti kidogo cha santuri, ambacho pia hurekebisha besi na trebo zilizopunguzwa na kuongezwa wakati sahani inakatwa. Kuna vizuri vya vali, na kaka atajua kuchagua kuliko mimi na wewe. Muombe hicho, chenye volti 240, na EL84 nne za akiba zilizolinganishwa. Bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, hazisumbui kupatikana.

Na kabla hajanunua, pekua sahani za baba moja moja. Zikiwemo zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za aina aliyokwenda kurekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, mwambie kaka akuletee na sindano yake maalumu, maana mfereji wa sahani hizo ni mpana na sindano ya kawaida hucheza chini kabisa ya mfereji, ikakupa mikwaruzo badala ya sauti. Ukishapima kwa mita, niandikie namba uliyoipata.